Aliandikwa "Mengineyo"

Mimi ni mtu wa Kaloleni. Kaloleni ya Voi, si ile ya Kilifi. Kutoka kwetu hadi maji ya chumvi ni kilomita kama 150, na bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa darasa la saba, kwa ziara ya shule. Samaki niliwajua zamani. Mama alikuwa akiwakaanga na kuwauza karibu na soko, wengine wakija kwenye barafu kutoka Mombasa, wengine wakitoka Ziwa Jipe, na mparuaji wa magamba nilikuwa mimi. Kwa hiyo nilipomaliza masomo ya uvuvi nikaitwa kwenda kupima samaki baharini, niliona ni kazi ninayoijua, isipokuwa nyumba itakuwa inayumba.

Chombo chetu kilikuwa cha kukodi. Sikuzungumzii Mtafiti, meli ya utafiti ya mita 56 ambayo Kenya ilipewa na Wabelgiji mwaka 2013. Hiki kilikuwa chombo cha kuvulia kamba, kimezeeka, kinanuka dizeli hadi ndani ya mto wa kulalia. Tulitumwa kukadiria wingi wa samaki wa chini katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi, mahali Mto Tana unapomwaga maji yake mekundu baharini. Wavu ulikuwa wa kukokota. Mdomo wake huachamishwa na mbao mbili nzito, mnyororo huburutwa chini kuwaamsha kamba kwenye tope, na nyuma kuna mfuko unaomeza kila kitu. Kila kituo kilikuwa na namba na mahali pake kwenye ramani. Tunashusha wavu, tunakokota nusu saa, winchi inapandisha, mfuko unafunguliwa sitahani. Hapo ndipo sisi wapimaji tunapoinama: kamba huku, kaa huku, taa, chaa, mkizi. Urefu, uzito, dume au jike, yote kwenye fomu.

Alfajiri ya siku ya nne wavu ulipanda ukiwa mzito upande mmoja. Fundo lilipofunguliwa, samaki wakamwagika, na katikati yao alikuwemo pomboo. Alikuwa jike, urefu mita 2 na sentimita 20. Ngozi yake ilikuwa laini kama tyubu ya baiskeli iliyolowa, na kichwani alikuwa na alama za nyuzi, zimejipanga kama mistari ya daftari. Tulipomgeuza, maziwa yalimtoka.

Sikupata kusikia kimya cha namna ile kwenye chombo chenye injini. Baharia mmoja mzee, mtu wa Ngomeni, alivua kofia yake. Akaniambia, "Huyu ananyonyesha, mwanangu. Mtoto yuko hapa hapa anamtafuta." Sote tukageuka kutazama maji. Hatukumwona.

Kisha nikarudi kwenye fomu, maana kituo kinachofuata kilikuwa kinasubiri. Fomu ilikuwa na safu za samaki, kamba, kaa, ngisi, na ya mwisho kabisa iliandikwa "Mengineyo". Humo huwa tunaandika mawe, magogo, matawi ya mikoko na mifuko ya plastiki. Nilimuuliza kiongozi wetu niandike wapi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. Akasema, "Weka mengineyo." Nikaweka. Pomboo akarudishwa baharini, tukasonga mbele.

Niliporudi Kaloleni nilimsimulia baba. Baba alifanya kazi ya reli maisha yake yote, kikosi cha kukagua njia, wakati wa reli ile ya zamani. Mtu wa Voi hahitaji kuelezwa maana ya mnyama kufa kwa bahati mbaya. Mji wetu umekaa katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Tembo wamegongwa na treni, nyati wamegongwa na malori, na asubuhi watu huhadithiana wakiwa kwenye foleni ya maji. Baba alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Mlimwandika?"

Nikasema ndiyo.

"Mlimwandika nani?"

Nilipomjibu, alinyanyuka, akaniletea daftari lake. Ni daftari la mraba, jalada jeusi, kurasa zimeliwa pembe na mende. Ndani kuna kila mnyama aliyemkuta amekufa njiani kati ya Maungu na Manyani: tarehe, namba ya kilomita, nyati au twiga au tembo, dume au jike, saa ya treni iliyopita. Hakuna aliyemwagiza kufanya vile. Kwa daftari lile baba aliweza kukwambia ni kona gani, karibu na Ndi, wanyama hugongwa kuliko kwingine, na ni mwezi gani.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachopata kuhusu jambo hili, na ninachotaka kusema ni rahisi. Mtafiti naye huua. Huua kwa nia njema, huua wachache kuliko wavuvi, lakini huua, na kifo hicho kinahitaji sheria yake, iliyoandikwa kabla ya wavu kugusa maji.

Wengi hudhani pomboo ni samaki. Pomboo, nyangumi na nguva wana damu ya moto kama sisi, wananyonyesha, na wanavuta hewa juu ya maji. Pomboo hupumua kwa tundu lililo utosini. Akinaswa chini hafungui mdomo akanywa maji kama anavyozama mtu. Hulifunga lile tundu, akangoja, hewa ikamwishia. Nusu saa ya wavu wetu ilikuwa ndefu mno kwake. Na pomboo hawaji kwenye wavu kwa kupotea njia. Wanaujua. Wavu wa kukokota hufukuza samaki na kuwakusanya, na pomboo huufuata kama watoto wanavyofuata lori la miwa. Mtafiti hutafuta mahali penye samaki wengi, na pomboo hutafuta pale pale.

Kuna jambo jingine ambalo lilinichoma nilipolielewa. Wavu wa kibiashara wa kamba hapa Kenya unatakiwa uwe na kifaa cha kutolea kasa, yaani fremu ya vyuma iliyowekwa kwa mshazari ndani ya wavu ili mnyama mkubwa ateleze na kutoka kwa mlango wa pembeni, kamba wakipita hadi mfukoni. Sharti hilo lina historia. Mwaka 1989 Marekani ilipitisha sheria ya kutonunua kamba waliovuliwa kwa namna inayoua kasa, na nchi nyingi zikajipanga. Hapa kwetu kuna ugomvi pia: meli za kukokota zilisimamishwa mwaka 2006 kwa malalamiko ya wavuvi wadogo, zikarudi 2011 chini ya mpango mpya. Lakini wavu wetu sisi, wa utafiti, ulikuwa umetolewa kile kifaa. Sababu ni ya kisayansi kabisa: ukitaka kujua kilichomo chini, unataka wavu ulete kila kitu, na unataka uwe wavu ule ule wa mwaka jana ili hesabu zilingane. Yule anayevua ili auze alikuwa na mlango wa kumtolea mnyama mkubwa. Sisi tunaovua ili tujue hatukuwa nao.

Nchi iliyolikabili suala hili waziwazi ni Marekani. Sheria yao ya kuwalinda mamalia wa baharini ni ya mwaka 1972. Inakataza kuwawinda, kuwakamata, kuwaua, na hata kuwasumbua, na msomi naye haruhusiwi bila kibali. Kwa miaka mingi meli za utafiti za serikali yao zilikuwa zikinasa wanyama hawa. Pwani ya California, kwa mfano, nyavu za kukokota juu ya maji usiku kuwatafiti dagaa zilinasa pomboo. Ikabidi idara ya uvuvi ya Marekani iketi na kujitungia sheria yenyewe. Vituo vyake vya utafiti viliomba ruhusa kwa ofisi nyingine ya idara ile ile, maombi yakatangazwa hadharani, wananchi wakapewa nafasi ya kupinga. Kanuni ya kwanza ya aina hiyo, kwa kituo chao cha kusini-magharibi, ilitoka mwaka 2015. Vituo vingine vikafuata. Ruhusa haizidi miaka 5. Imetaja ni wanyama wa aina gani wanaweza kudhurika, na wangapi.

Masharti yenyewe mtu yeyote wa Ngomeni angeyaelewa. Kabla ya kushusha wavu, watu wanatazama bahari kwa makini. Pomboo wakionekana karibu, chombo kinahama au kinangoja. Wakikifuata, kinahama tena, na wakiendelea kuwepo kituo kinaachwa. Wavu ukiwa chini kuna mtu anaendelea kutazama. Muda wa kukokota unafupishwa. Nyavu nyingine hufungwa vikengele vinavyotoa sauti ya kuwaonya wanyama, na ule wavu wa California ukawekewa fremu ya kuwatolea. Watafiti walilalamika kuhusu fremu ile, wakihofia samaki watapungua na hesabu za miaka kukatika. Jibu lilikuwa ni kuvua kwa nyavu zote mbili na kulinganisha, ili ijulikane tofauti ni kiasi gani. Yaani wasiwasi wa kisayansi ulitibiwa kwa sayansi.

Huku kwetu kengele hizo si ngeni. Zanzibar, watafiti Omar Amir, Narriman Jiddawi na Per Berggren waliandika mwaka 2002 jinsi majarife yanavyoua pomboo kule Unguja, na baadaye vikengele vya sauti vikajaribiwa kwenye majarife vikasaidia kupunguza vifo. Ni kazi ambayo watu wetu walikuwemo, kwenye bahari yetu, pamoja na wavuvi wenyewe.

Lakini kitu kilichonikalisha usiku ni hesabu moja ndogo. Tangu mwaka 1994 Wamarekani wanakokotoa idadi ya wanyama ambao kundi linaweza kupoteza kwa mkono wa binadamu kila mwaka bila kushindwa kujazia. Unachukua idadi ya chini ya wanyama unaoweza kuithibitisha. Unaizidisha kwa nusu ya kasi ya juu ya kuongezeka kwao. Kwa pomboo na nyangumi kasi hiyo huchukuliwa kuwa 4 kwa mia, hivyo nusu yake ni 2 kwa mia. Kisha unazidisha tena kwa namba ya tahadhari, kati ya 0.1 na 1: kadiri kundi lilivyo hatarini ndivyo namba inavyopungua.

Nilifanya hesabu hiyo jikoni kwa mama, juu ya karatasi ya kufungia samaki. Kundi la pomboo 1,000, mara 2 kwa mia, ni 20. Tahadhari 0.5. Inabaki 10. Pomboo 10 kwa mwaka, na hao 10 ni wa kila mtu: wenye majarife, meli za mizigo zinazowagonga, boti za watalii, na sisi wapimaji. Mfuko ni mmoja. Kila pomboo anayekufa kwenye wavu wa utafiti ametolewa humo humo.

Kisha nikajaribu nguva. Nguva ni mnyama mpole anayekula majani ya chini ya bahari, na wazee wa Lamu wanamkumbuka kwa wingi. Ndege ya kuhesabu wanyama ilipopita juu ya pwani ya Kenya mwaka 1994, walioonekana walikuwa 10. Waliojificha hawahesabiki, basi tufanye mfano tu kwa hao 10, kwa kasi ile ile ya 4 kwa mia. Mara 2 kwa mia: 0.2. Tahadhari ya juu kabisa, 0.1: jibu ni 0.02.

Maana yake ni nguva mmoja kwa kila miaka 50.

Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea nukta. Nguva anaweza kuishi miaka 70. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, kisha anaweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Chombo kimoja cha utafiti kikipita usiku mmoja kati ya Kiunga na Pate, kikanasa nguva mmoja, kimetumia haki ya nusu karne. Na kwenye fomu kama ile yangu ingeandikwa "mengineyo, 1".

Sheria za Kenya si kimya. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamtaja nguva na nyangumi kati ya wanyama walio hatarini. Sheria ya Uvuvi ya 2016 ipo. Mtafiti anatakiwa awe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kabla hajaanza kazi. Lakini nilipokiomba kibali cha safari yetu nikisome, nilikuta kurasa kuhusu nani anamiliki sampuli, bandari za kuingilia, tarehe za kutoa ripoti. Kuhusu mnyama anayepumua hewa, hakukuwa na mstari hata mmoja. Ulinzi uko kwenye sheria kubwa. Ulihitajika pia kwenye ile karatasi iliyobandikwa karibu na usukani, ambayo nahodha huisoma saa kumi na moja alfajiri.

Kuna madhara mengine yasiyoletwa na wavu. Vyombo vya kupima kina na kutafuta samaki hutuma sauti majini, na pomboo na nyangumi wengi huishi kwa kusikia. Mwaka 2008, nyangumi wadogo wapatao 100 waliingia kwenye hori ya Loza, kaskazini-magharibi mwa Madagaska, ambako si makao yao. Jopo huru lilitoa ripoti mwaka 2013 likitaja kipimio cha sakafu ya bahari, kilichokuwa kikitumika mbali na pwani kwa ajili ya utafutaji wa mafuta, kuwa ndicho chanzo kinachoelekea zaidi kuwashtua. Kipimio kile si bunduki. Ni aina ya chombo kinachofungwa kwenye meli za utafiti duniani kote.

Watu huniuliza, nikizungumza hivi, kama nataka utafiti usimame. Hapana. Bila kuhesabu samaki, tutagombania bahari gizani, na mvuvi mdogo ndiye atakayeumia. Meli ya Wanorwe, Dr Fridtjof Nansen, ilipita kwetu miaka ya 1980, na tunayoyajua kuhusu samaki wa maji ya kina yametokana kwa sehemu kubwa na safari za aina hiyo. Ninachokataa ni ile fikra kwamba nia njema inatosha. Sisi wa Voi tulilipia somo hilo. Mwaka 2018 vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru wakaletwa Tsavo Mashariki, ili wazidi. Wote walikufa, wa mwisho baada ya kushambuliwa na simba. Uchunguzi ulitaja maji yenye chumvi nyingi waliyokuta huku. Hakuna aliyetaka wafe. Walikuwa mikononi mwa watu wanaowapenda, na mji mzima ulitembea kama uliofiwa. Vifo vile angalau vilihesabiwa kimoja kimoja, vikachunguzwa, watu wakaulizwa. Pomboo wangu hakuuliziwa na mtu.

Tangu Januari 2026 Marekani inataka kila nchi inayoiuzia samaki ionyeshe kwamba uvuvi wake unawalinda mamalia wa baharini kwa kiwango kinachofanana na chao. Kwa hiyo ofisi zetu zitaandika kanuni, zikitaka zisitake, kwa ajili ya wafanyabiashara. Naomba wakiwa na kalamu mkononi waongeze ukurasa wa watafiti: mtu wa kutazama, muda wa kutazama, umbali wa kuhama, kifaa cha kutolea isipokuwa pawe na sababu iliyoandikwa, na safu ya mamalia kwenye fomu, yenye aina, jinsia, urefu, saa, mahali, hai au mfu. Na nakala iende kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori siku ile ile chombo kikifika bandarini.

Miaka miwili baada ya safari ile niliitwa tena, chombo kingine, kiongozi mwingine. Nilikwenda na karatasi yangu mwenyewe, nimeipiga chapa kwenye duka la saiba pale Voi, safu kama za daftari la baba. Kiongozi aliisoma, akaipachika kwenye fomu zetu kwa kibanio. Akaniambia, "Basi wewe ndiye macho yetu."

Kituo cha 14, asubuhi, bahari imelala. Wavu ulikuwa tayari ukingoni nilipowaona. Nilipaza sauti, nahodha akainua mkono, winchi ikanyamaza. Tukangoja dakika 20. Hawakuondoka. Tukasogea maili moja kusini. Wakaja nasi, wanapumua pembeni kabisa mwa chombo, unasikia pumzi yao. Tukasogea tena. Kiongozi alitazama ramani, akatazama saa, akasema kituo hiki kitakuwa tundu kwenye hesabu zetu za mwaka mzima. Alisema kwa uchungu, na uchungu wake nauelewa. Kisha akawaambia mabaharia wafunge wavu.

Nikaandika: "Kituo 14. Hakikuvuliwa. Pomboo 7, hai. Mmoja mdogo, ubavuni mwa mamake."